Sura ya Sita: Orodha ya Majaji, Miguu ya Watazamaji

Pamba ikishapimwa na kulipwa, Usukumani ni wakati wa mbina, ngoma za mashindano. Kuanzia Juni hadi Agosti, mashamba yakiwa yamebaki mabua na watu wana kitu mfukoni, vikundi vya vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hukutana uwanjani kushindana. Mgeni akisikia mashindano ya ngoma hudhani kundi moja litacheza likae, la pili lifuate, na mbele kuna meza yenye kitambaa na majaji watatu wenye karatasi. Sivyo. Makundi yote mawili huanza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake, ngoma zikigongana masikioni. Mtazamaji husimama katikati akigeuza shingo huku na huku, halafu hufuata kule moyo unakomvuta. Akichoka, anahama, na hakuna wa kumzuia. Jua likielekea kuzama, kundi lililozungukwa na watu wengi zaidi ndilo limeshinda.

Manju wa Kisukuma kwa hiyo huimba huku jicho lake liko kwenye ukingo wa umati. Akiona wa nyuma wameanza kuchomoka, hana muda wa kusubiri ubeti uishe. Wacheza bugobogobo watarusha majembe juu na kuyadaka kwenye mdundo. Wacheza nyoka wa Bayeye wataingia na chatu. Zamani vikundi vilikuwa na sanamu za mbao zilizofichwa kwa siku nzima, zikatolewa ghafla pale watu walipotaka kuhamia upande wa pili. Wazee husimulia kwamba Bagika na Bagalu walitokana na waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana dawa ya nani ina nguvu, na dawa ya mvuto bado ina nafasi katika maandalizi ya ngoma. Sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, ingali ikiwakutanisha wachezaji kila mwaka kwa utaratibu huohuo.

Sura hii inawahusu wachoraji wa katuni za mtandaoni, na mezani nimeweka maswali mawili wanayoniuliza mara kwa mara vijana wa Bariadi, Maswa na Lamadi, mkoani Simiyu: nifanyeje niteuliwe kuwania tuzo, na yale matamasha makubwa ya mashabiki tunayoyaona kwenye simu yana faida gani kwangu niliye huku. Nimeanza na mbina kwa sababu naamini jibu la swali la kwanza limo ndani ya swali la pili. Jaji humwambia msanii jambo ambalo umati hauwezi kumwambia, na umati humwambia jambo ambalo jaji hawezi. Vijana wetu wanafundishwa kumkimbilia jaji kwanza. Mimi nasema waanze na uwanja.

Mtazame mchoraji wa Bariadi akiwa kazini. Hana meza ya kuchorea wala kishikwambi. Ana simu, na ndani yake programu ya ibisPaint aliyoipakua bure. Anachora kwa ncha ya kidole, au kwa kalamu ya mpira ya bei ndogo, akikuza picha mpaka jicho la mhusika linajaza kioo kizima, kisha anaipunguza kuona kama uso umekaa sawa. Kibonzo chake kina picha nne zilizopangwa moja chini ya nyingine, kwa sababu msomaji wake atakisoma akisukuma kwa dole gumba. Mzee amefikisha pamba yake kwenye mizani. Karani anasoma namba. Mzee anaiangalia mizani, anamwangalia karani. Picha ya nne haina maneno, ni mzee tu, amekanyaga mizani yeye mwenyewe na kofia mkononi, anasubiri kuona kama uzito wake anaoujua ndio utakaosomwa. Maneno ya mzee yameandikwa Kiswahili cha huku, na Kisukuma kimeingia pale hasira ilipopanda. Kabla ya kukirusha, msanii anaongeza ukubwa wa herufi, maana WhatsApp hukamua picha mpaka maandishi madogo yakafifia. Anakiweka kwenye stetasi usiku, watu wakiwa wamekula, na asubuhi anakikuta kwenye makundi asiyoyajua, mara nyingine jina lake limekatwa.

Anachokiona ni namba. Wangapi wameangalia, wangapi wamependa, wangapi wamewatumia wenzao. Namba hizo ni za kweli na zinatia moyo, lakini hazimwonyeshi mtu alisimama kwenye picha ipi, alicheka wapi, wala aliondoka wapi. Manju anajua. Mchoraji wa mtandaoni hajui, na pengo hilo ndilo analotaka kuliziba anapoanza kuota tuzo.

Sasa tuzo zenyewe. Ile ya Hugo, iliyopewa jina la mhariri Hugo Gernsback, haitolewi na kamati ya wataalamu. Hutolewa na wanachama wa Worldcon, mkutano wa mashabiki wa hadithi za kisayansi ulioanza New York mwaka 1939. Mtu hulipa ada, hupendekeza kazi alizozipenda, na majina yaliyopendekezwa zaidi yakishatangazwa, hupiga kura kwa kuyapanga kwa daraja, la kwanza, la pili, la tatu. Mwaka 2009 waliingiza rasmi kundi la hadithi za picha. Miaka mitatu mfululizo, 2009, 2010 na 2011, mshindi alikuwa mmoja: Girl Genius ya Phil na Kaja Foglio, katuni iliyoanza kwa kuchapwa kwenye karatasi ikahamia mtandaoni mwaka 2005. Baada ya ushindi wa tatu, Foglio na mkewe waliomba wasifikiriwe mwaka uliofuata ili wengine wapate nafasi. Nakiheshimu sana kitendo hicho. Mwaka 2012 tuzo ikaenda kwa Digger ya Ursula Vernon.

Ila anayenigusa zaidi ni Howard Tayler wa Marekani. Katuni yake, Schlock Mercenary, ilianza tarehe 12 Juni 2000 na ikatoka kila siku hadi Julai 2020, ndipo hadithi ikafika mwisho wake. Kuanzia 2009 hadi 2013 aliteuliwa kuwania Hugo mara tano mfululizo. Mara tatu alishindwa na Girl Genius, mara moja na Digger, na mwaka 2013 akashindwa na Saga ya Brian K. Vaughan na Fiona Staples. Hakushinda hata mara moja. Keshoyake, katuni ikatoka kama kawaida.

Wengine humsoma Tayler kama kisa cha bahati mbaya. Mimi nakisoma vingine, kwa sababu ya jinsi tuzo ile inavyofanya kazi. Kazi zikishateuliwa, wanachama hupewa nakala wazisome kabla ya kupiga kura. Maana yake, kwa miaka mitano watu ambao pengine wasingemfungua kamwe walipewa kitabu chake mkononi na sababu ya kukisoma mpaka mwisho. Kombe huenda kwa mmoja. Wasomaji wapya huenda kwa wote walioteuliwa. Mchoraji akilielewa hilo, siku ya kutangazwa orodha inakuwa na uzito kuliko usiku wa kutoa zawadi, na anajiandaa kwa siku hiyo: sura ya kwanza iko wazi na inasomeka bila kutafuta, jina lake liko kwenye kila picha, na sura mpya ziko tayari kwa wiki zinazofuata.

Tuzo za Eisner za Marekani hupita njia nyingine. Jopo dogo la majaji huchagua wateule, kisha watu wa fani ya katuni hupiga kura. Kundi la katuni za kidijitali liliingizwa mwaka 2005, na wa kwanza kulitwaa alikuwa Brian Fies kwa Mom's Cancer, kisa cha ugonjwa wa mama yake alichokuwa akikiweka mtandaoni bila kutaja jina lake. Nawaambia vijana wakitafute kisa hicho, maana Fies hakuchora mashujaa wanaopaa. Alichora hospitali, ndugu wanaogombana kwa uchovu, na mama aliyekuwa akipungua. Katika miaka ya karibuni Rachel Smythe wa New Zealand ameshinda kwa Lore Olympus mwaka 2022, 2023 na 2024, na kazi hiyo iliumbwa kwa ajili ya dole gumba, picha chini ya picha, kama anavyofanya mwenzetu wa Bariadi na mzee wake wa mizani.

Turudi kwetu. Godfrey Mwampembwa, Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaacha masomo ya usanifu majengo na mwaka 1992 akaanza kuchora katika magazeti ya Nation jijini Nairobi. Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi aliipata mwaka 2007, akiwa ameshawafikia wasomaji kila asubuhi kwa miaka 15. Tarehe 3 Mei 2016, mjini Geneva, Kofi Annan alimkabidhi yeye na Zunar wa Malaysia tuzo ya kimataifa ya wachora katuni, na michoro ikatundikwa kando ya ziwa wapita njia waione. Mwaka huohuo mkataba wake na gazeti haukuongezwa. Tuzo haikumrudishia nafasi ile. Wasomaji walimfuata alikokwenda.

Shujaaz ya Kenya ilianza Februari 2010, kitabu cha katuni cha bure kilichoingizwa ndani ya gazeti na kugawiwa kwenye vibanda vya M-Pesa, kikizungumza Kisheng cha vijana wenyewe kupitia mhusika DJ Boyie. Mwaka 2012 ikatwaa Emmy ya kimataifa, na mwaka 2014 ikatwaa nyingine. Mwaka 2015 ikavuka mpaka kuja Tanzania, na huku mhusika wake akawa DJ Tee. Ukiupanga mlolongo huo utaona kitu kilekile: kibandani kwanza, jukwaani baadaye.

Na kabla yao wote kulikuwa na jarida la Sani, lililoanzishwa na Said Bawji na Nicco ye Mbajo mwishoni mwa miaka ya 1970. Philip Ndunguru alichora humo Ndumilakuwili na Lodi Lofa, akafariki mwaka 1986, na wahusika wake wakaendelea kuishi mikononi mwa wachoraji wengine. Nakala moja ilipita mikononi mwa abiria wa basi, ikaishia kwa kinyozi, ikasomwa mpaka jalada likatoka. Mtu aliyekulia enzi hizo atakusimulia kisa cha Ndumilakuwili bila kukumbuka mwaka wala ukurasa. Naona uchungu kwamba fani iliyosomwa na nchi nzima namna hiyo haikujengewa tamasha lake wakati wasomaji walikuwa wamejaa.

Mlango wa tuzo ulio karibu zaidi na mchoraji wa Kiswahili ni Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili ya Afrika. Ilianzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, wakati huo ikiitwa Mabati-Cornell, na wito wake umekuwa ukitaja riwaya za picha pamoja na riwaya, mashairi na wasifu. Hupokea miswada ambayo haijachapishwa, jambo kubwa kwa mtu wa Simiyu asiye na mchapishaji. Riwaya ya picha lakini si rundo la vibonzo. Yule mzee wa mizani itabidi apewe nyumba, watoto, deni la mbolea na mwisho. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023 ikianza na riwaya na ushairi. Ningependa kuona siku moja hadithi za picha zinawekewa kundi lake humo, na nadhani wachoraji wenyewe ndio wa kuandika barua ya kuliomba. Tuzo za Nommo, zinazotolewa na chama cha waandishi wa Afrika wa hadithi za kubuniwa za kisayansi na za maajabu tangu 2017, tayari zina kundi la hadithi za picha, na wapendekezaji ni wanachama wenyewe.

Tuzo inayomtaka msanii atume pesa ili jina lake liingie kwenye orodha, kisha ailipie meza, kisha awaombe ndugu zake wapige kura kwa kutuma ujumbe wa kulipia, aachane nayo. Aulize majaji ni nani, nani alishinda mwaka jana, na alipata nini mkononi.

Na ajue kwamba kuteuliwa hakufungui mlango wa ubalozi. Mwaka 2022 Oghenechovwe Donald Ekpeki wa Nigeria, akiwa ameteuliwa kuwania Hugo, alinyimwa viza ya kwenda Marekani kuhudhuria sherehe, wakati mashabiki walikuwa wameshachanga nauli. Worldcon haijawahi kufanyika Afrika. Mchoraji asiweke matumaini ya maisha yake kwenye ukumbi ambao ufunguo wake uko kwa karani wa dirishani.

Ndiyo maana nasisitiza uwanja wa karibu. Tamasha la katuni la San Diego, Marekani, ambalo sasa hujaza jiji, lilianza mwaka 1970 na watu wapatao 300. Comiket ya Tokyo ilianza Desemba 1975 kwa vikundi 32 vya wachoraji na wageni wapatao 700, na mpaka leo moyo wake ni meza: mchoraji amekaa, vijitabu vyake viko mbele, msomaji anafungua, anasoma ukurasa wa kwanza amesimama, ananunua au anasogea meza ya pili. Ni miguu ileile ya mbina. Lagos wana tamasha lao tangu 2012, lililoanzishwa na Ayodele Elegba. Nairobi wana NAICCON, ambako vijana huja wamevaa kama wahusika wanaowapenda na wachoraji wa Kenya huuza kazi zao.

Mtu wa Bariadi asidhani Nairobi ni mbali. Lami inatoka mjini hadi Lamadi, hapo anashika barabara ya Mwanza–Musoma, anapita Tarime, anavuka Sirari kuingia Isebania, na kutoka hapo ni Kisii na Narok. Safari hiyo ni fupi kuliko ya Dar es Salaam, na kwa Mtanzania haihitaji viza. Wachoraji wawili watatu wakichangia meza moja, nauli na chakula vinabebeka, hasa wakienda na kitu cha kuuza.

Ila uwanja ninaoutaka uko karibu zaidi. Nyakabindi, nje ya mji wa Bariadi, palifanyika Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020. Viwanja vipo. Watu wamezoea kuviendea kwa miguu, kwa baiskeli, kwa bodaboda, na familia nzima hutoka banda hadi banda ikitafuta cha kuona. Simiyu ina wakazi zaidi ya milioni 2.1 kwa sensa ya 2022, na wengi wao ni vijana walioshika simu hizihizi. Banda moja la wachoraji wa mkoa, katikati ya mabanda ya mbegu na ya maziwa ya Meatu, halihitaji ruhusa ya dunia nzima. Linahitaji maombi yaandikwe mapema kwenda halmashauri, kwa ofisa utamaduni, wiki nyingi kabla ya Agosti.

Nitaeleza meza yenyewe, maana hapo ndipo wengi hukwama. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa mara tatu na kuchanwa katikati hutoa kijitabu cha kurasa nane bila pini wala gundi. Mchoraji apange vibonzo vyake sita, jalada na ukurasa wa nyuma upande mmoja wa karatasi, atoe nakala steshenari, akunje mwenyewe nyumbani usiku wa kuamkia maonyesho. Bei isizidi ya soda, ili mtoto aweze kukinunua kijitabu bila kumuuliza mzazi mara mbili. Kwenye ukurasa wa nyuma kuwe na jina lake na anakopatikana mtandaoni, kwa herufi kubwa. Pembeni asimamishe ubao mweusi na boksi la chaki, na ziwe chaki zinazotengenezwa Maswa na vijana wa mkoa huuhuu. Aanze mhusika mmoja ubaoni na kuacha sehemu ya kichwa wazi, kisha awape watoto chaki wammalizie. Wakubwa watasimama kutazama, na wakishasimama watafungua kijitabu.

Hapo mchoraji atazame kama manju. Msomaji wa kibonzo cha mizani alicheka kwenye picha ya tatu au alisubiri ya nne? Nani alikifunga kijitabu kwenye ukurasa wa tano, na wangapi walikifunga palepale? Kama ni wengi, ukurasa huo una kasoro, na nakala za kesho zitoke bila huo. Aliyeondoka akarudi na mwenzake aulizwe jina na namba yake, akiridhia, na iandikwe kwenye daftari. Riwaya ya picha ya kupeleka Safal-Cornell ikianza kuchorwa, sura yake ya kwanza itumwe kwanza kwa watu wa daftari hilo, na maoni yao yasomwe kabla mswada haujafungwa kwenye bahasha.